Perege, Kambale na Somo la Afya

Kabla ya bwawa la Mtera, samaki kwetu alikuwa kiumbe wa Biblia. Tulimjua kwa mikate mitano, tulimjua kwa Yona, na mwalimu wa Shule ya Jumapili alimchora ubaoni kwa chaki akiwa na mkia wa pembe tatu. Kwenye chungu hatukumjua. Mto Ruaha Mkuu ulipita hapo hapo Mtera, na walikuwapo waliovua, lakini ukoo wetu ulikuwa wa ng'ombe na uwele, na bibi mzaa mama alikuwa na msimamo wake: kinachoishi majini ni ndugu wa nyoka, na nyoka haliwi. Alikuwa Mkristo wa siku nyingi. Habari ya Yesu kula samaki wa kuoka baada ya kufufuka ilimpa taabu kidogo. Alisema labda kule kwao mlenda haukuwapo.

Imani tuliyozaliwa nayo ni ya Kianglikana. Wamisionari wa shirika la CMS walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870. Dayosisi ya Central Tanganyika ikaundwa mwaka 1927, na sisi wa huku tukaja kuwa chini ya Dayosisi ya Mpwapwa ilipozaliwa mwaka 1991. Wengi wa wamisionari wa enzi za bibi walitoka Australia, akiwamo daktari Paul White, aliyetibu watu Mvumi mwishoni mwa miaka ya 1930 na kisha akaandika vitabu vya hadithi vilivyosomwa dunia nzima. Kwa hiyo hospitali na kanisa kwetu vilikuja pamoja, na mtu aliyepigwa sindano alijua kwamba ataombewa pia. Lakini hospitali ilikuwa ya mgonjwa. Mtu mzima wa afya njema, kanisa lilimfundisha nini juu ya mwili wake? Lilimfundisha kuacha. Uamsho uliotoka Rwanda ulipofika Ugogo, aliyeokoka alijulikana kwa vitu alivyoviacha: pombe ya ujimbi, ugoro, na ngoma.

Hapo kwenye ngoma nina neno. Shangazi yangu alikuwa mpigaji wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo inayobanwa katikati ya mapaja, na aliyewahi kuwaona wakicheza anajua kwamba mwanamke hupiga, huimba na huruka kwa wakati mmoja mpaka jasho linamwagika mgongoni. Alipobatizwa aliambiwa aiache. Akaiacha, akaketi kwenye benchi, akaimba nyimbo za Kiingereza zilizotiwa maneno ya Kiswahili, mikono imetulia juu ya magoti. Miaka mingi baadaye kwaya zetu zilirudisha ngoma na kuruka ndani ya kanisa lile lile, na leo kwaya ya Wagogo ikiingia hakuna anayesinzia. Shangazi hakuiwahi ile neema. Magoti yalikuwa yameshakufa ganzi.

Neno la kwanza la afya nililolisikia likitajwa pamoja na neno la Mungu lilitoka redioni. Ilikuwa mwaka 1973, na tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye kijiji cha pamoja katika ile Operesheni Dodoma. Kampeni iliitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kutenda walichosikia. Kikundi chetu kilikaa chini ya mti uleule wa ibada, na kiongozi wake alikuwa mwinjilisti wetu, kwa sababu ndogo tu kwamba yeye alisoma bila kufuata mstari kwa kidole. Redio ilisema chimbeni vyoo, fukieni madimbwi, chemsheni maji. Mwinjilisti akafunga redio, akafungua barua ya kwanza kwa Wakorintho sura ya 6, pale mtume anapowaambia waumini kwamba miili yao ni hekalu la Roho Mtakatifu. Kisha akawatazama wazee wa boma mmoja baada ya mwingine akauliza hekalu lisilo na choo ni hekalu gani. Vyoo vilichimbwa. Nimesikia mahubiri mengi juu ya andiko hilo tangu siku zile, na sijasikia lililozaa matunda kwa haraka namna ile.

Mwaka uliofuata mvua ilikataa. Tulikula unga wa njano wa msaada, ule ambao watu waliuita yanga kwa rangi ya jezi za timu, na bibi aliuombea kwa muda mrefu kuliko chakula chochote alichowahi kula, kama mtu anayemwombea mgeni asiyemwamini. Kisha mwaka 1975 redio ikarudi na kampeni nyingine, Chakula ni Uhai. Tukakaa tena chini ya mti. Tukasikiliza habari za mayai, maziwa, maharage na mboga za majani, na akina mama wakatazamana, maana kuku walikuwa wameshauzwa na ng'ombe walikuwa mifupa. Kampeni ilikuwa nzuri. Iliwakuta watu ghala tupu, basi.

Halafu bwawa. Ujenzi ulianza katikati ya miaka ya 1970, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 maji yalikuwa yameenea mpaka ng'ambo, upande wa Migoli mkoani Iringa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo kwa ajili ya mitambo ya Kidatu huko chini. Mitambo ya Mtera yenyewe, ya megawati 80, ilianza kuzalisha umeme mwaka 1988. Sisi umeme tuliuona ukipita juu ya vichwa vyetu kwenda kwa wengine. Kilichobaki kwetu ni samaki na mshahara.

Mshahara ulitangulia kubadili chungu. Baba alipata kibarua kwenye ujenzi, na kila mwisho wa mwezi alirudi na sembe, sukari na mafuta ya kupikia. Ule ulikuwa unga mweupe sana. Ugali wake ulilainika, haukukwaruza koo, wala haukuacha rangi mkononi. Katika muda mfupi uwele na mtama vilishuka daraja: vikawa chakula cha bibi na cha miaka mibaya, na mtoto aliyepeleka kiporo cha uwele shuleni alikificha. Mabwana shamba walituhimiza tulime mtama na uwele kwa kuwa vinavumilia ukame, na walikuwa na haki, lakini wao wenyewe tuliwaona wakila nini. Mlenda uliendelea, kwa sababu hakuna Mgogo anayeweza kuuacha mlenda na akalala usingizi, ila sasa ulipikwa kwa kujificha wageni wasiuone ukivutika.

Samaki akafuata. Perege alizaliana kwenye maji mapya, na kambale naye, na bibi alikuja kula perege kwa masharti kwamba kichwa kiondolewe jikoni, asikutane nacho macho kwa macho. Wavuvi walimiminika: kutoka Nyasa, kutoka Rufiji, na wengi kutoka kanda ya Ziwa. Kambi zao zilikuwa za nyasi na turubai kandokando ya maji. Zilikuwa na fedha za siku kwa siku na gongo la siku kwa siku, na mke wa mtu aliyekwenda kuuza uji kule alisemwa. Mjomba wangu, ndugu wa mama wa kufuatana, alikwenda kuvua na akatekwa na kambi. Nyumba yake ilianza kula kwetu.

Kilichomrudisha hatukukitazamia. Miongoni mwa wavuvi wa Ziwa walikuwamo Wasabato. Kanisa lao hapa nchini lilianzia Upare mwaka 1903, na huko Mara limeota mizizi toka zamani, kwa hiyo mvuvi wa kutoka Musoma alikuja na nyavu zake, Biblia yake na Jumamosi yake. Walijenga kibanda cha ibada kambini. Mjomba aliingia kwa kuvutwa na kwaya, akabaki. Alibatizwa humo humo bwawani, mahali alipokuwa akitega nyavu, na alipotoka majini alikuwa mtu wa orodha ndefu: hanywi pombe, havuti sigara, hanywi chai ya majani wala kahawa, hali nguruwe, na, mvuvi wa Mtera huyu, hali kambale.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Nakumbuka jioni ambayo mjomba alikuja nyumbani na mama, bila kujua, akamtengea kambale wa kukaushwa kwa moshi aliyeungwa kwa karanga. Mjomba alinawa, akaomba, akavuta bakuli la mlenda.

"Shemeji, umekuwa mgonjwa?" baba akauliza.

"Mzima, shemeji. Ila huyu hana magamba. Walawi 11. Mwenye mapezi na magamba ndiye wa kuliwa."

"Kwani Petro hakushushiwa shuka lenye kila aina ya mnyama akaambiwa achinje ale? Matendo 10."

"Ile ilihusu watu, shemeji. Habari ya Kornelio. Petro mwenyewe alieleza baadaye kwamba alioneshwa asimwite mtu najisi."

"Kwa hiyo Mungu alishusha shuka zima la wanyama, na chakula hakikuwamo?"

Mama aliondoa kambale na kuleta perege. Mabishano hayo yaliendelea miaka, na kusema kweli pande zote mbili nilizisikia zikitetewa vizuri. Maoni yangu ninayo. Sijaona ubaya wa kambale. Ni nyama nzuri, ni rahisi kuliko perege, na maskini wa Mtera wamekuza watoto kwa hiyo. Miaka ya ukame, kama ule wa 2006 ambapo bwawa lilishuka na nchi nzima ikaingia kwenye mgawo wa umeme, kambale ndiye aliyebaki, maana yeye huweza kuvuta hewa ya juu na kuvumilia kwenye tope. Wakazi wa mijini walikuwa wakisikiliza taarifa ya habari kujua kina cha Mtera, kwamba bwawa likijaa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na likifika 690 mitambo haina kazi. Sisi kina tulikijua kwa aina ya samaki aliyeletwa sokoni. Mwaka ule nyumba ya mjomba ilikula mlenda na chumvi huku majirani wakila kambale. Yeye mwenyewe aliendelea kumvua na kumuuza kwa wengine, jambo ambalo baba hakuacha kulitaja.

Lakini gongo aliliacha siku moja na hakulirudia. Fedha ya Ijumaa ilifika nyumbani Ijumaa, kabla jua halijazama, kwa kuwa Sabato ilikuwa inaingia. Watoto wake walirudi shule. Kikohozi cha sigara kilikwisha. Baba, aliyekuwa na majibu yote ya Matendo 10, hakuwa na jibu la hayo, na siku mjomba aliponunua mabati baba alikwenda kumsaidia kuyapiga misumari. Kama umewahi kuishi kwenye kambi ya wavuvi hutahitaji kuelezwa faida ya dini inayomtoa mtu kwenye kilabu saa kumi na mbili jioni.

Kwa mjomba ndipo tulipoanza kwenda makambi. Kila mwaka baada ya mavuno Wasabato hukusanyika kwa juma zima, wanalala kwenye mahema na madarasani, na katika ratiba yao, pamoja na mahubiri na kwaya, huwapo somo la afya. Wainjilisti wao wa vitabu huja na begi la vitabu vya lishe na tiba. Sisi Waanglikana tulialikwa, na mama alikwenda kwa sababu alipenda kusikia mambo. Mwaka mmoja katikati ya miaka ya 2000 mwalimu wa somo alikuwa muuguzi mstaafu kutoka Dodoma mjini, mama mnene wa sauti ya chini, aliyefika na kapu lililofunikwa kitambaa. Watu walitegemea matofaa na zabibu, matunda ya kwenye picha. Alifunua kapu akaweka mezani, kimoja kimoja, uwele, mtama, karanga, mlenda mkavu, ubuyu, na perege mmoja aliyekaushwa. Watu walicheka.

"Mmekunywa nini asubuhi?"

"Chai!"

"Na nini?"

"Maandazi!"

"Bibi zenu walikunywa nini?"

Kimya. Mzee mmoja nyuma akasema, "Uji wa uwele."

"Na bibi yako alikufa kwa kisukari?"

"Alikufa kwa uzee, mama."

Akaendelea bila kupandisha sauti. Alieleza kwamba nafaka isiyokobolewa inabaki na ganda na kiini chake, kwamba nyuzinyuzi zake huichelewesha sukari kuingia kwenye damu, na kwamba sembe tunayoisifu kwa weupe imevuliwa vilivyo bora vikapewa kuku na nguruwe. Alisoma habari za Danieli na wenzake watatu walioomba wajaribiwe siku 10 kwa mboga na maji badala ya chakula cha mfalme. Kisha akazitaja zile kanuni nane za afya ambazo Wasabato huzikariri tangu utotoni: lishe, mazoezi, maji, mwanga wa jua, kiasi, hewa safi, pumziko na kumtumaini Mungu. Pumziko halikupata mpinzani. Kwenye mazoezi ndipo baba, aliyekuwa amekuja kusikiliza makosa, alinyoosha mkono. Alikumbusha kwamba Paulo alimwandikia Timotheo kuwa faida ya kuuzoeza mwili haifiki mbali ukiipima na ile ya utauwa.

"Ndiyo, mzee wangu," yule muuguzi akasema. "Faida ndogo. Si hasara. Na Paulo aliyeandika hayo alikuwa ametembea kwa miguu miji mingapi?"

Mama alirudi nyumbani na jambo moja kichwani ambalo hakulisema. Tulikuja kulijua alipokuwa ameshapimwa. Wakati huo alikuwa na kibanda kando ya barabara ya Dodoma–Iringa, enzi za vumbi kabla ya lami. Aliuza soda, maandazi na perege wa kukaanga kwa abiria wa mabasi. Mwanamke aliyelima, kuteka maji na kutwanga kwa nusu ya maisha yake alikuwa sasa anakaa kwenye kigoda tangu alfajiri mpaka jioni, maji ya bomba karibu, mashine ya kukoboa jirani, na soda iliyopasuka kizibo inanywewa isiharibike. Kiu ilizidi, vidonda vya miguu vikachelewa kupona. Hospitali wakasema kisukari, na presha juu yake. Wakampa vidonge, wakamwambia apunguze sembe na sukari, na atembee nusu saa kila siku.

Chakula kilikuwa rahisi, maana alijua pa kurudi. Akaanza kununua uwele na kuusaga mwenyewe bila kukoboa. Chai akaiacha, akawa anachemsha mchaichai aliopewa na mjomba, na hapo mjomba alifurahi kama aliyembatiza. Perege akamchemsha kwa nyanya na kitunguu badala ya kumzamisha kwenye mafuta, ingawa abiria waliendelea kutaka wa kukaanga na yeye aliendelea kuwauzia. Kutembea ndiko kulikoshindikana.

"Nitembee kwenda wapi?" aliniuliza. "Mwanamke mzima, hana ndoo, hana mzigo wa kuni, hana jembe, anatembea tu anarudi. Mwanangu, watu watasema nimechanganyikiwa."

Wataalamu wanaokuja na vipeperushi wangepaswa kulisikiliza swali hilo kwanza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa anayeishi mjini ni ushauri ulio wazi: vaa raba, toka. Kijijini kwetu, hasa kwa mwanamke wa umri wake, mwendo usio na sababu ni dalili ya ugonjwa mwingine. Alijaribu kuzunguka nyumba. Wajukuu walimfuata nyuma wakicheka. Akaacha.

Aliyemtoa hapo alikuwa mke wa mchungaji wetu. Katika kikao cha Umoja wa Akina Mama, mama aliyataja maneno ya daktari kama kichekesho. Mke wa mchungaji hakucheka. Alifungua daftari la wagonjwa wa mtaa: kikongwe wa upande wa mlimani, mama aliyejifungua kule kambini, mzee aliyepooza karibu na kona ya Chipogoro. Akasema kuanzia juma lile wagonjwa wasitembelewe kwa pikipiki. Watatembelewa kwa miguu, asubuhi jua halijapanda, wanawake wawili wawili kama wale wanafunzi waliotumwa na Bwana. Mama akapangiwa zamu.

Hapo kutembea kulipata mahali pa kwenda. Aliamka, akavaa sare yake, akachukua Biblia na kifurushi cha unga wa uji wa mgonjwa, na hakuna aliyemcheka, kwa kuwa kila aliyemwona alijua anakwenda kwenye heri. "Mbukwenyi!" walimsalimu kutoka nyuani, naye akaitika bila kusimama, maana daktari alimwambia asisimame njiani. Alitembea Kwaresima yote na akaendelea Pasaka ilipopita. Sukari ilishuka, haikuisha; vidonge alivimeza mpaka mwisho, na yeye mwenyewe aliwakemea waliovitupa wakisema wameshaombewa. Mwaka 2011 nchi nzima ilipokuwa ikipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyetoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, basi lilikodiwa kutoka kwetu na majirani walimwita. Alisema ana zamu ya wagonjwa Alhamisi.

Kundi lile la wanawake liliongezeka. Wapentekoste waliomba kujiunga, na baadaye akina mama wa Dorkasi wa kwa mjomba, ikawa siku moja kundi hilo hilo lina sare za rangi tatu. Mazungumzo ya njiani yalikuwa ya chakula zaidi kuliko ya dini. Nani amepata uwele mzuri, mlenda gani unafaa kukaushwa kivulini, kambale ana mafuta kiasi gani. La kambale halikuwahi kupatiwa mwafaka.

Mwishoni mwa 2016 Serikali nayo iliingia. Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza na kuelekeza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Agizo lilipofika kwetu kwenye mkutano wa kijiji, mjomba, sasa mzee wa kanisa mwenye mvi, alisimama taratibu akiegemea fimbo yake. Alisema wanaliunga mkono kabisa, ila siku hiyo wao wapo ibadani. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba basi Wasabato wamesamehewa kukimbia. Mjomba akajibu kwamba kutoka kambini mpaka kanisani ni mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, wanautembea kila Jumamosi wakiwa na suti, na anayetaka kushindana naye aje. Hakuna aliyekwenda.

Mjomba bado yupo. Mama ametangulia, kwa ugonjwa usiohusiana na sukari, akiwa na umri ambao daktari aliyempima mara ya kwanza hakuutegemea. Kwenye mazishi yake waombolezaji walikula ugali wa uwele kwa agizo alilolitoa akiwa hai, na vijana waliotoka mjini waliusifia kama chakula kipya. Siku hizi unga huo unauzwa Dodoma kwenye mifuko iliyoandikwa lishe, na bei yake iko juu ya sembe.

Ninalo jambo moja la kuwaambia wachungaji, mapadri na wazee wa makanisa wa Kanda ya Kati. Mnahubiri hekalu vizuri. Semina za afya mnaziandaa, wataalamu mnawaleta, na mistari mnaijua. Lakini nendeni mkaangalie meza ya kipaimara, ya harusi na ya kumsimika kiongozi wa dayosisi: kreti za soda mpaka darini, wali wa mafuta, nyama ya kukaanga, keki ya ngazi tatu, na mama wa miaka 60 mwenye kisukari anapewa soda mbili kwa heshima, akizikataa anaonekana amemdharau mwenye sherehe. Wekeni maji. Wekeni juisi ya ubuyu isiyotiwa sukari, uji wa uwele, perege wa kuchemsha, na kambale kwa wanaomla. Askofu akila mlenda mbele ya watu, kijiji kizima kitaula bila kujificha.